Hiyo Siyo Taka, Ni Chokaa: Namna ya Kurudisha Glasi Zako

Umezitoa glasi za wageni kabatini. Umeziosha kwa sabuni, umezisuuza, umezipanga kwenye trei. Zikiwa na maji zinang'aa kama za hotelini. Dakika tano baadaye zimekauka, na ule ukungu mweupe umerudi palepale. Mgeni naye ndiyo huyo anapiga hodi.

Kama unaishi Dodoma, huhitaji kusimuliwa. Pole. Sasa weka chini hilo dodoki.

Nilipohamia hapa kutoka Tanga nilikuja na glasi sita za zawadi ya harusi. Tanga tulizoea maji ya Mto Zigi, hatukujua habari hizi. Haikupita miezi minne glasi zangu zikawa kama zimesuuzwa kwa maziwa. Nikachukua stilwaya. Nikasugua mpaka vidole vikauma, na nilichoambulia ni glasi mbili zenye mikwaruzo ambayo haitoki mpaka leo. Mama jirani, Mgogo wa hapahapa, alinikuta uani nikihangaika na beseni. Akachukua glasi moja, akapitisha ukucha kwa ndani. "Mwanangu, hili jiwe," akasema. "Jiwe unaliosha kwa sabuni?" Kisha akaniuliza kama nina ukwaju.

Alikuwa sahihi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa mjini hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji yanayokaa ardhini hubeba madini ya mawe, hasa kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka kwenye glasi, maji yanapaa hewani na madini yanabaki. Ni chokaa ileile inayoganda chini ya jagi lako la umeme. Visima vya kuchimba vya mitaani navyo vingi ni hivyohivyo, na vingine vina chumvi juu yake.

Sabuni haiiwezi chokaa. Kinachoiweza ni uchachu, na uchachu unataka muda. Nguvu za mikono hazihitajiki kabisa.

Kabla hujanunua chochote, pima kwanza. Kamulia matone mawili ya ndimu mahali penye ukungu. Subiri dakika tano, futa, suuza, kausha kabisa. Pakibaki doa safi katikati ya ukungu, hiyo ni chokaa na glasi inaokoka.

Pakibaki vilevile, pitisha ukucha. Ukisikia mparuzo, ni chokaa nene. Inahitaji kulowekwa muda mrefu zaidi. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo kipya lakini ukungu bado unauona, tatizo liko kwenye kioo chenyewe. Kimechakaa kwa kusuguliwa, au kimeliwa. Hicho hakirudi, usikipotezee siki.

Na kama kidole kinateleza kama kwenye kikaango, hayo ni mafuta yaliyoganda na sabuni. Anza na maji ya moto na sabuni ya maji, kwa sababu uchachu haupenyi mafuta. Chokaa ishughulikie baadaye.

Sasa dawa yenyewe. Unayo ya kuchagua, na yote ni vitu vya jikoni.

Chaguo langu ni unga wa ndimu, ule mweupe wenye chembe kama sukari. Waulize wauza viungo pale Soko la Majengo au duka lolote la viungo karibu nawe. Hauna harufu, haubaki na rangi, na kidogo tu kinafanya kazi kubwa. Tahadhari moja: ukiumimina kwenye kopo, uandike jina. Unafanana na sukari kiasi kwamba mtu anaweza kuutia kwenye chai. Shemeji yangu alishautia, vijiko viwili, na kwa heshima akainywa nusu kikombe kabla hajauliza.

Siki nyeupe ni nzuri pia. Nyumba itanuka kachumbari kwa saa moja, basi. Siki ya rangi ya kahawia inafanya kazi, ila hiyo iache kwa chakula.

Ndimu na malimao yanafaa kwa glasi moja mbili. Usitupe maganda baada ya kukamua. Ganda la ndimu lililobaki na majimaji ndilo dodoki bora kwa mdomo wa glasi.

Ukwaju ni wa kwetu, na unafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani. Chukua konzi moja, loweka kwenye kikombe cha maji ya moto, vuruga kwa mkono, chuja. Maji yatakuwa ya kahawia na utapata wasiwasi. Usiwe na wasiwasi, rangi inaondoka kwenye suuzo la kwanza. Ubuyu nao ni mchachu, lakini unanata kila mahali. Huo unywe.

Kuloweka ni hivi. Tandika taulo kuukuu chini ya beseni la plastiki, glasi zisigongane. Mimina lita mbili za maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Tia vijiko viwili vya chakula vya unga wa ndimu, koroga mpaka viyeyuke. Ukitumia siki, nusu iwe siki, nusu maji ya moto.

Laza glasi kwa ubavu, moja moja, ukihakikisha hakuna hewa iliyonaswa ndani. Mahali penye hewa hapaguswi na maji, na patabaki na kisiwa cheupe.

Kisha sogeza jicho karibu. Ndani ya dakika moja utaona vipovu vidogo vikichomoka kwenye ukungu na kupanda juu, kama vya soda. Na gesi yenyewe ni ileile ya soda. Hiyo ni chokaa inayeyuka. Kadiri vipovu vinavyotoka, kazi inaendelea, wewe nenda kapike.

Ukungu wa wiki chache unaondoka ndani ya nusu saa. Glasi za miaka miwili ziache usiku kucha. Vipovu vikikoma na ukungu bado upo, uchachu umekwisha nguvu. Mwaga, tengeneza mwingine. Kuongeza muda kwenye maji yaliyochoka hakusaidii.

Zitoe, pitisha sponji upande laini, osha kwa sabuni ya maji, suuza, kausha kwa kitambaa hapohapo. Hapohapo, narudia. Ukiziinamisha zijikaushe zenyewe kwa maji yaleyale ya bomba, umerudi ulikotoka.

Jihadhari na mwezi wa Juni na Julai. Asubuhi za Dodoma miezi hiyo ni baridi, na glasi iliyolala kabatini ni baridi vilevile. Ukiitumbukiza kwenye maji ya moto inaweza kupasuka mkononi. Isuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu.

Glasi zenye mstari wa dhahabu mdomoni usiziloweke kabisa. Uchachu wa muda mrefu unaweza kuubabua ule urembo. Hizo zijaze uchachu kwa ndani, usifikie mstari, na nje ufute kwa kitambaa kilicholowa.

Glasi za mvinyo nazo zina shida yake, na mji wa zabibu kama huu hauzikosi. Shingo ni nyembamba, na wengi huvunja wakati wa kukausha kwa sababu wanashika kitako kwa mkono mmoja na kuzungusha kikombe kwa mwingine. Shika kikombe chenyewe, kausha kikombe. Kitako kifuate baadaye.

Kuna duara gumu linalobaki chini ya jagi la kioo, pale maji yanapolala kila siku. Hilo halitoki kwa kupita. Loweka kitambaa kwenye siki bila kuichanganya na maji, kisokomeze mpaka kikae juu ya duara, kiache saa mbili. Kilichobaki kisugue kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini. Dawa ya meno ina chembe laini zinazong'arisha bila kukwaruza, almradi siyo ile yenye punje za rangi.

Baking soda inafanya kazi hiyohiyo ya kusugua. Ila usiichanganye na siki. Najua umeona watu wanafanya, na povu linapendeza machoni. Lakini moja ni chachu na nyingine ni ya jamii ya magadi. Zinauana, na unabaki na maji ya chumvichumvi yasiyo na kazi. Tumia siki kwanza, suuza, halafu baking soda.

Sasa chupa ya chai, ambayo ndiyo inayoaibisha watu wengi kuliko glasi.

Mimina chai ya rangi kikombeni hapa Dodoma, iache ipoe kidogo, kisha itazame kwa pembeni. Juu kuna utando mwembamba, unang'aa kama mafuta, na ukitia kijiko unapasuka vipande vipande. Huo ni chai na chokaa vimeshikana. Kamulia ndimu na utando unapotea mbele ya macho yako. Utando huohuo ndio unaojibandika ndani ya chupa, tabaka juu ya tabaka, mpaka kioo cha ndani kinakuwa cha kahawia na chai inaanza kuwa na ladha ya jana.

Jaza chupa maji ya moto mpaka shingoni. Tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ndimu kwa chupa ya lita moja. Usifunge kifuniko, gesi ile inahitaji njia. Ondoka, rudi baada ya saa tatu au nne. Ukimwaga utaona maji yametoka na rangi ya chai kali.

Kama kuna kilichobaki, tia konzi ya mchele mbichi na maji ya uvuguvugu kidogo, funika, tikisa taratibu kwa mzunguko. Taratibu, kwa sababu kile kioo cha ndani ni chembamba kama ganda la yai. Watu hutumia mchanga au kokoto ndogo. Usithubutu. Mchele unapangusa pembe zote ambazo mkono haufiki, na kuku wa jirani watakula baadaye ukishausuuza.

Suuza mara tatu. Acha chupa wazi usiku mmoja kabla ya kuitumia tena.

Jagi la umeme ni rahisi zaidi: maji, kijiko cha unga wa ndimu, chemsha, zima, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara moja na uyamwage. Sufuria za alumini usiziachie uchachu muda mrefu, zinachafuka rangi.

Yafuatayo usifanye, hata ukiambiwa na fundi.

Usichanganye JIK na siki, ndimu wala unga wa ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi ni ndogo na dirisha lake ni tundu. Kama umetumia JIK kwenye beseni, lisuuze mpaka harufu iishe kabla ya kuweka kitu chachu.

Usitumie maji ya betri. Ni asidi kali, yanatoboa nguo na ngozi, na hayana biashara jikoni. Dawa za kusafishia choo nazo ziishie chooni.

Usitumie jivu, mchanga wala stilwaya kwenye kioo. Kwenye sufuria sawa. Kila mkwaruzo kwenye kioo ni mfereji mdogo, na chokaa hupenda kujificha mferejini, kwa hiyo glasi iliyosuguliwa inachafuka haraka zaidi kuliko mwanzo. Niulize mimi na zile mbili zangu.

Na siki isidondoke kwenye terazo. Vipande vya mawe vilivyomo kwenye sakafu hiyo vingi ni marumaru, nayo ni ndugu wa chokaa. Utasafisha glasi na kuharibu sakafu.

Kioo kilichosimama, kama mlango wa shawa au dirisha linalorushiwa maji ya bustani, kina shida moja: siki inateremka kabla haijafanya kazi. Dawa ni kuibandika. Loweka karatasi za chooni au kitambaa chepesi kwenye siki, kipachike kwenye kioo, kikae nusu saa. Kikianza kukauka, kinyunyizie tena. Ukibandua, ukoko laini utatoka nacho. Mgumu ukwangue kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ukiilaza. Kioo cha gari fanya vivyo hivyo kivulini, na uikinge rangi ya bodi.

Glasi zimeng'aa. Kazi iliyobaki ni kuzizuia zisirudi, na hapa hali ya hewa yetu inatushinda mbio. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na kina upepo. Ukiosha glasi kumi na mbili kwa mpigo, ya kwanza imekauka na madoa yake kabla hujamaliza ya sita. Osha tatu, kausha tatu. Inaonekana kama kupoteza muda mpaka uhesabu saa za kuloweka.

Glasi zianze, masahani yafuate. Zikiingia kwenye maji yaliyokwisha pitiwa na sufuria ya mchuzi, zinavaa mafuta, na chokaa inashika juu ya mafuta.

Achana na sabuni ya mche kwa glasi. Kwenye maji magumu sabuni hiyo inashikana na madini na kutengeneza utando wa kijivu, ndiyo maana hata povu inakunyima. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inavumilia zaidi.

Kwenye beseni la mwisho la kusuuzia, tia vijiko viwili vya chakula vya siki. Harufu haibaki, na tone litakalosalia litakauka bila alama kubwa.

Kitambaa cha kukaushia kiwe cha pamba, na hakuna kinachoishinda kanga iliyozeeka. Imefuliwa mara mia, imelainika, haiachi nyuzi. Kanga mpya bado ina wanga wa dukani, inaacha michirizi. Kata moja kuukuu vipande vinne, viwe vya glasi tu, na vikatazwe kugusa meza.

Kuchemsha maji kunasaidia kiasi. Chemsha, acha yatulie usiku, na asubuhi utaona unga mweupe chini ya sufuria. Hiyo ni chokaa ambayo haikwenda kwenye glasi zako. Mimina ya juu taratibu, yatumie kusuuzia. Lakini chumvi haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, usitegemee muujiza. Vichujio vya mishumaa ya udongo navyo vinazuia vijidudu na matope, siyo madini yaliyoyeyuka. Mashine za kuchujia maji za RO ndizo zinazoyatoa, na sioni sababu ya kununua mashine kwa ajili ya glasi.

Utaniuliza kama ukungu huo unadhuru. Chokaa ya kwenye glasi haina neno kwa afya. Ni aibu tu ya mezani. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kishindo baada ya tangazo la mwaka 2016, nimewaona wageni wengi kutoka Dar, waliozoea maji ya Mto Ruvu, wakitupa glasi nzima nzima wakidhani zimeharibika. Usitupe. Loweka kwanza.

Maji bora ya kusuuzia glasi yanashuka bure, ila kwa msimu. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili hivi, na siyo nyingi: milimita 500 hadi 600 kwa kawaida. Maji hayo huingia ardhini yakiwa laini, na hutoka kisimani yakiwa magumu. Wewe yadake kabla hayajaingia.

Hesabu yake ni nyepesi. Bati la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 10, linakupa karibu lita 200. Hilo ni pipa zima kwa mvua moja ya jioni. Dakika kumi za kwanza ziache zipite. Hilo ni vumbi jekundu la kiangazi kizima linaoshwa. Kisha weka pipa, lifunike kwa chandarua kikuukuu mbu wasiingie, na kifuniko juu yake.

Chota jagi moja kila unapoosha, likamwagwe kwenye beseni la mwisho tu. Kwa matumizi hayo pipa moja linafika mbali ndani ya kiangazi. Watoto watataka kulichezea, na msaidizi wa nyumbani atalifulia shuka siku bomba likikatika, kwa hiyo andika kwa chaki kubavuni: MAJI YA GLASI. Sisi letu la mwaka jana lilifika Agosti, na lingefika mbali zaidi kama baba watoto asingeoshea gari.